Sura ya Tano: Homoni Zimevurugika, Lakini Ipi?

"Homoni zangu zimevurugika. Nitumie nini zikae sawa?"

Swali hili huulizwa dirishani kwenye duka la dawa muhimu karibu na stendi ya Same. Huulizwa kliniki ya mama na mtoto, na huulizwa kwenye vikoba hesabu zikishafungwa. Muulizaji anaweza kuwa binti wa miaka 19 ambaye hajaziona siku zake kwa miezi mitatu. Anaweza kuwa mama wa watoto wanne aliyenenepa bila kubadili chakula. Anaweza kuwa mama wa miaka 50 kule Mbaga anayeamka usiku ametota jasho wakati wenzake ndani ya nyumba wamejifunika mablanketi mawili. Wote watatu wameambiwa na mtu fulani kwamba ni homoni, na si ajabu wote watatu wakauziwa chupa ileile ya "kusafisha kizazi na kubalansi homoni".

Chupa moja haiwezi kuwafaa wote watatu, kwa sababu mvurugiko wa homoni si jina la ugonjwa mmoja. Mwili una homoni zaidi ya 50, na kila moja yaweza kuzidi au kupungua kwa sababu zake. Kumwambia mwanamke homoni zake zimevurugika halafu ukaishia hapo ni kumwacha njiani. Sura hii inashika swali linalofuata: homoni ipi, imezidi au imepungua, na kosa liko kwenye tezi gani?

Ndiva iliyo kichwani

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi. Tezi ni kiungo, mara nyingi kidogo, ambacho humwaga kemikali hiyo kwenye damu. Damu huisambaza mwili mzima, lakini huitikiwa tu na viungo vinavyoitambua. Ovari, yaani mifuko miwili ya mayai, hutoa estrojeni na projesteroni. Thairoidi, iliyo shingoni chini ya koromeo, hutoa homoni inayopanga kasi ya mwili kutumia chakula na kutoa joto. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hutoa kotisoli, homoni inayotusaidia kukabili mshtuko, njaa na maradhi.

Mtu wa Bangalala au Vudee hahitaji mchoro ili aelewe jinsi tezi hizi zinavyotawaliwa, kwa sababu ameiona ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Maji hujaa bwawani usiku. Asubuhi mlango hufunguliwa, mfereji ukashusha maji, mashamba yakapata kwa zamu. Mashamba ya chini yakilowa, habari hupanda na mlango hubanwa. Yakikauka, kelele hupanda na mlango huachiwa zaidi. Kichwani, mshika mlango ni tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo uzito wake kwa kawaida haufiki gramu moja. Huteremsha homoni za kuamuru kwenda kwenye ovari, thairoidi na adrenali, kisha husikiliza kama zimetosha.

Shamba likikauka, huwezi kujua kosa ni la shamba au la mlango mpaka uangalie pande zote mbili. Ndiyo maana daktari hupima homoni ya tezi pamoja na ile ya pituitari inayoiamuru. Kipimo kiitwacho TSH, kwa mfano, hupima amri ya pituitari kwa thairoidi. TSH ikiwa juu huku homoni ya thairoidi iko chini, mshika mlango ameachia maji yote na shamba halipokei: kosa ni la thairoidi. Homoni ya thairoidi ikiwa chini na TSH nayo isipande, kosa linatafutwa juu.

Homoni hupimwa kwenye damu, na chache kwenye mkojo au mate. Wale wanaokuja na kompyuta na fimbo ya chuma ya kushika kiganjani, wakakutolea kurasa za "kipimo cha mwili mzima" zikiwamo homoni zako zote ndani ya dakika moja, hawajapima homoni hata moja. Wamepima mfuko wako.

Kalenda kabla ya maabara

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Zile siku 28 zinazotajwa shuleni ni wastani, wala mwenye siku 33 kila mwezi hana kasoro yoyote. Binti aliyevunja ungo karibuni anaweza kukaa mwaka mmoja au zaidi mizunguko yake ikipishana, kwa sababu mawasiliano ya pituitari na ovari bado yanakomaa. Mama anayenyonyesha usiku na mchana anaweza kukaa miezi bila hedhi, na hilo pia ni kazi ya homoni iitwayo prolaktini, ambayo huleta maziwa na kuzituliza ovari.

Hedhi ikikatika, kipimo cha kwanza ni cha ujauzito. Najua baadhi ya wasomaji watakasirika. Lakini kile kijiti cha mkojo kinachouzwa duka la dawa ni kipimo cha homoni, tena cha bei ndogo kuliko vyote, na kimewaokoa wengi na safari ya bure.

Yako mambo mengine yanayofuta hedhi bila tezi kuugua. Kukonda sana ni mojawapo. Dawa ni jingine: baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, hupandisha prolaktini, hedhi zikapotea na maziwa yakachuruzika kwa asiye na mtoto. Mwanamke wa namna hiyo asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende nayo kwa aliyemwandikia, amweleze.

Sindano na damu "iliyojaa tumboni"

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ina homoni ya jamii ya projesteroni. Mwanzoni huweza kuleta matone yasiyo na mpango. Baadaye, baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa. Hapo ndipo hofu huingia: damu inakwenda wapi? Inajaa tumboni?

Haijai, kwa sababu haikutengenezwa. Damu ya hedhi ni utando wa ndani ya mji wa mimba uliokuwa umenenepa ukisubiri mimba. Sindano huuzuia utando usinenepe, basi hakuna cha kumwaga. Dawa ya "kusafisha" hapo haina cha kusafisha.

Lililo kweli, na ambalo wahudumu wengine hulipitia haraka mno, ni kwamba uzazi hukawia kurudi baada ya sindano. Kwa wastani mimba hushika miezi tisa hadi kumi tangu sindano ya mwisho, kwa wengine baada ya mwaka na zaidi. Anayetaka mtoto mwakani apange mapema, au achague kijiti cha mkononi, ambacho kikitolewa uzazi hurudi upesi. Kumficha mwanamke jambo hili ndiko kunakozaa maneno kwamba uzazi wa mpango unaharibu kizazi.

Ndevu za kidevuni

Mwaka 1935 huko Chicago, madaktari Stein na Leventhal walieleza kuhusu wanawake wenye hedhi za kurukaruka, nywele usoni na ovari zenye vifuko vingi. Hali hiyo leo ndiyo tatizo la homoni linalowapata wanawake wengi zaidi katika umri wa kuzaa, takriban mmoja kwa kila kumi. Wengi wao hawajui. Wananyoa au wanang'oa kimyakimya, na wakichelewa kupata mtoto wanabeba lawama peke yao.

Vile "vifuko" ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani, kwa hiyo si uvimbe wa kukatwa. Chanzo hasa ni kuzidi kwa homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, mara nyingi pamoja na insulini kuwa juu. Insulini ni homoni ya kongosho inayoingiza sukari kwenye misuli. Mwili ukiwa mzito kuisikia, kongosho huitoa kwa wingi, na wingi huo huzichochea ovari zitoe homoni za kiume. Ili kuthibitisha hali hii kwa mwanamke mzima, daktari hutafuta mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpango, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na picha ya utrasaundi. Ukiambiwa unayo kwa picha peke yake, uliza maswali zaidi.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua hata kilo chache huweza kurudisha mayai. Lakini wembamba nao huipata, basi tusiwahubirie watu wote kukimbia. Asiyeona hedhi kwa zaidi ya miezi mitatu ahudhurie hospitali hata kama hatafuti mtoto, kwa sababu utando wa mji wa mimba ukinenepa miaka bila kumwagwa unaweza kuja kuleta saratani. Dawa za kulitoa yai zipo na hufanya kazi kwa wengi. Na mume naye apimwe tangu mwanzo. Kumzungusha mke hospitali tatu huku mbegu za mume hazijaangaliwa ni upotevu wa fedha ya mavuno ya tangawizi.

Shingo, chumvi na mlima

Thairoidi haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini joto. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, lakini kinahitajika kila siku, na kwa mjamzito huongezeka. Asili yake kubwa ni baharini. Milimani, mvua za miaka maelfu huyaosha kwenye udongo, mazao yakakua bila nayo. Tezi ikiyakosa huvimba ikijaribu kunasa kila chembe, na uvimbe huo ndio rovu. Ukinga, katika milima ya Makete, ni mahali palipochunguzwa na kuandikwa tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa rovu. Katikati ya miaka ya 1990 Serikali iliweka kanuni za kutaka chumvi ya kula itiwe madini joto. Rovu lilikuwa sehemu ndogo ya hasara. Kubwa zaidi ilikuwa mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa na akili nzito.

Kwa hiyo angalia chumvi jikoni. Ile ya kupimwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia lililo wazi huenda haikutiwa madini joto, au yamekwisha kuruka kwa jua na unyevu. Nunua ya pakiti yenye maandishi hayo, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mafiga, na uitie makande yakikaribia kuiva. Magadi ya kulainishia maharage hayachukui nafasi yake.

Chumvi, hata hivyo, haimalizi habari ya thairoidi. Ugonjwa wa tezi hii huwapata wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume, na mara nyingi sababu ni kinga ya mwili kuishambulia tezi. Ikilala, mtu huchoka, husikia baridi kuliko wenzake, choo hukaza, ngozi hukauka, uzito huongezeka, hedhi huwa nzito. Ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda na huku anakula vizuri, hutoka jasho, hedhi hupungua. Hapo mkumbuke yule mama wa Mbaga. Jasho lake la usiku pengine ni ukomo wa hedhi, ambao wengi huufikia karibu na miaka 50 na hauhitaji dawa kama haumsumbui. Lakini kama amekonda na moyo unadunda, apimwe thairoidi, asiambiwe tu kwamba ni umri.

Thairoidi iliyolala hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini kila siku. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivimeze pamoja nacho, avitenganishe kwa saa nne, kwa maana madini ya chuma huking'ang'ania kidonge kisiingie kwenye damu. Nimeona wanawake wakiongezewa dozi mara mbili kwa kosa la saa ya kumeza tu.

Maziwa ambayo hayakutoka

Chukulia mama aliyejifungua kijijini juu Chome wakati wa masika. Kondo lilichelewa, damu ikamwagika hadi kanga ya pili, akazimia. Barabara ilikuwa tope. Alifikishwa hospitali, akaongezewa damu, akapona. Mtoto akawekwa ziwani siku ya pili, ya tatu, ya nne. Maziwa hayakuja. Miezi ikapita hedhi hazikurudi. Nywele za kwapani na za siri hazikuota tena. Akawa mzito, anasikia baridi, akiinuka haraka kizunguzungu. Minong'ono ikaanza, na wa kulaumiwa akatafutwa ukweni.

Harold Sheehan, daktari Mwingereza, alieleza hali hii mwaka 1937. Wakati wa ujauzito pituitari huongezeka ukubwa, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiwango hicho. Damu ya mama ikimwagika nyingi na presha kuanguka, tezi hukosa hewa na sehemu yake hufa. Mlango wa ndiva umevunjika: hakuna amri ya maziwa, ya ovari, ya thairoidi wala ya adrenali. Dalili huweza kujitokeza polepole mno hata ikapita miaka kabla mtu hajaunganisha uchovu wake na siku ile ya kujifungua.

Hii ni hali adimu, lakini nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka sana: utafiti wa kitaifa wa 2015 hadi 2016 ulihesabu 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104. Wanaookoka wanahitaji mtu wa kuwauliza wameokokaje. Swali moja, "Ulipojifungua ulitoka damu nyingi, na maziwa yalikuja?", linaweza kufungua kitendawili cha miaka kumi. Matibabu ni vidonge vya kila siku kwa maisha yote, na utaratibu wake ni muhimu: kotisoli hurudishwa kwanza, thairoidi baadaye. Ukigeuza, mgonjwa anaweza kuanguka. Ndiyo maana hali hii haitibiwi kwa kubahatisha dukani.

Homoni za kopo

Kuna mvurugiko wa homoni tunaoununua wenyewe. Mkorogo wa kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na dawa kali za jamii ya kotisoli, kama klobetasoli. Vidonge vya "deksa" vya kunenepesha ni jamii hiyohiyo. Ni dawa nzuri, zimeokoa watu wengi zikiandikwa na daktari kwa ugonjwa unaostahili. Ukijipaka mwili mzima miezi na miezi, au ukameza ili upate mashavu, pituitari huona kotisoli imejaa na hufunga mlango. Adrenali, bila kuamriwa, husinyaa.

Uso huwa mviringo, tumbo huongezeka huku miguu ikikonda, mistari ya zambarau hutokea, sukari na presha hupanda, hedhi hukatika. Mwanamke huyo naye atasema homoni zimevurugika, na atakuwa sahihi. Hatari kubwa iko siku anapoacha ghafla, kwa sababu adrenali zilizosinyaa haziwezi kuamka siku hiyohiyo: hutapika, huishiwa nguvu, presha huanguka. Kama umetumia kwa muda mrefu, usitupe kopo usiku mmoja kwa hasira. Lipeleke kwa daktari, naye akupunguzie taratibu.

Na chupa ya mitishamba ikikuletea hamu ya kula, mashavu na nafuu ya viungo ndani ya wiki moja, itilie shaka. Sehemu mbalimbali duniani zimewahi kunaswa dawa "za asili" zilizotiwa deksa kwa siri.

*Kwa ufupi hadi hapa:* hedhi iliyokatika yaweza kutoka kwenye mimba, dawa, ovari, thairoidi, pituitari au kopo la kupaka. Uchovu nao mara nyingi si homoni kabisa. Upungufu wa damu huwapata wanawake wengi, na kipimo chake ni rahisi na kinapatikana karibu.

Kabla ya kupanda basi la Moshi

Mengi huweza kuanzia Same au Gonja: kuulizwa vizuri, kupimwa ujauzito, wingi wa damu, sukari na presha, pengine na utrasaundi. Vipimo vya homoni na bingwa wa kuvisoma huenda vikakupeleka hospitali ya Mawenzi au KCMC, Moshi, kama kilomita 100 kutoka Same. Nauli na siku ya shamba vina thamani, basi nenda na haya:

- tarehe za kuanza hedhi kwa miezi sita, hata kama zimeandikwa nyuma ya daftari la mtoto;
- kila dawa, sindano, krimu na mitishamba unayotumia, pamoja na makopo yake;
- historia ya kila uzazi: damu ilitoka kiasi gani, maziwa yalikujaje;
- habari ya mama na dada zako: rovu, kisukari, umri wa kukoma hedhi. Kukoma kabla ya miaka 40 ni jambo la kuchunguzwa, si la kusubiri.

Mwisho, uliza siku ya kutolewa damu kabla ya kusafiri. TSH hupimwa siku yoyote. Prolaktini ni bora asubuhi, ukiwa umetulia, na wala usiwe umetoka kunyonyesha muda uleule. Projesteroni, inayoonyesha kama yai limetoka, hupimwa siku kama saba kabla ya hedhi inayotarajiwa: mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21, mwenye siku 35 ni siku ya 28. Ukienda siku isiyo yake, karatasi itasoma "chini" ingawa ovari zako ni nzima, na mtu atakuuzia dawa ya kuipandisha.